Mashine Imelala

Mke wa mwanangu ni fundi cherehani. Anashonea chumbani wanamolala, kitanda upande huu, vitambaa upande ule. Ni mpole, lakini jambo likishamkaa rohoni, hata umvute kwa kamba hasogei.

Mjukuu wangu tunamwita Kiroboto kwa kuwa hatulii. Ana miaka miwili, na ikifika saa ya kulala anajikaza kama ubao. "Silali! Sitaki!" Akilazwa, anashuka. Akilazwa tena, anashuka akicheka.

Binti yangu mkubwa, muuza vyombo, ndiye aliyemlea mwanangu, mdogo wake, kwa hiyo neno lake humu ndani ni zito. Akaja na hukumu yake.

"Mnamdekeza huyo! Kesho namchukua akae kwangu. Fimbo mbili tu, atajua kitanda ni cha nini."

Mwanangu akaangalia viatu vyake. Fundi akaweka mkasi chini.

"Wifi, mwanangu hatoki humu. Na fimbo haiingii."

"Haya, mlaze leo tukuone!"

"Nitamlaza."

Nikaomba kimoyomoyo, Mola atie mkono wake. Fundi akamlaza mtoto, akarudi kushona, maana nguo ya huyo huyo wifi ilikuwa bado mkono mmoja. Mashine ilipoanza tu kulia, Kiroboto akatoa kichwa kwenye chandarua, macho kodo.

"Mama kazi," akaniambia, akaanza kushuka.

Fundi akaondoa mguu kwenye pedali. "Kumbe! Kwake bado mchana. Atalalaje na mimi niko kazini?"

Akachukua kitambaa anachofunikia mashine, akampa mtoto. "Haya, baba, ilaze."

Kiroboto akaifunika kwa bidii, huku anavuta, kule anavuta, kisha akaipigapiga mgongoni. "Lala, mashine… lala."

"We!" binti yangu akaruka. "Na nguo yangu? Kesho nisimame mbele za watu na mkono mmoja?"

"Mashine imelala, wifi. Nitaiamsha alfajiri."

"Yaani unanifungia kazi kwa ajili ya huyu?"

"Kwa ajili ya huyu namfungia hata mfalme. Na punguza sauti."

Nilitega masikio kungoja radi. Fundi akazima taa, akajilaza pembeni ya mwanawe. Kiroboto akasema "sitaki" mara moja, ya kulinda heshima, akageukia ukutani.

Binti yangu akabaki mlangoni, mkoba kwapani, akingoja mtoto ashuke. Hakushuka. Tukasikia anakoroma kama mzee aliyeshiba. Basi yule mama wa sauti kubwa akavua viatu, akavishika mkononi, akavuka ua kwa ncha za vidole. Nilimshukuru Mungu, na nilicheka.

Asubuhi alikuja kufuata nguo yake. Habari ya kumchukua mtoto hakuigusa.

"Mkono wa kushoto unabana," akalalamika.

"Lete nikuachilie mshono," fundi akasema. "Ila uwahi, wifi. Mwenye mashine akiilaza, mimi siiamshi."