Mkebe wa Memsabu

Niseme mapema, kabla sijaanza kujipamba: ni mimi niliyeichoma ile filamu. Si kiko cha mtu, si radi, wala si mashetani ya wazungu kama walivyodai majirani. Nililikana jambo hili nikiwa mtoto, nikalikana shuleni, nikalikana hata chuo kikuu, mahali nilipofundishwa maneno marefu ya kuuitia uoga wangu ili usionekane uoga.

Kilichonibana hatimaye ni mwaliko wa kwenda Nairobi kutazama sinema za zamani za bibi mmoja wa Kiingereza. Tuliambiwa ukumbini kwamba alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa kubeba mashine ya sinema hadi vijijini, akapiga picha za watu wakifanya kazi zao za kweli, bila waigizaji na bila poda usoni. Alianzia kwetu Kericho, chai ilipokuwa bado mgeni. Baadaye akaenda kwa wavuvi, kwa wachimba migodi, kwa wanawake wa viwanda vya nguo huko kwao, akawa mtu wa kusomewa hotuba. Mimi nilikaa kiti cha mbele, mwandishi wa makala za gazetini, nikitikisa kichwa kama mtu anayeelewa sanaa. Ndipo mtangazaji akasema kwamba sinema ya Kericho haikukamilika, kwa sababu mchukuzi mmoja mzembe aliunguza mkebe wa filamu kwa kiko chake. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kule kucheka ndiko kulikonikosesha usingizi.

Twende basi, rafiki yangu, mpaka kwa nyanya yangu, tuliyemwita kogo. Boma lake lilikuwa ng'ambo ya kijito, na upande wa pili mashamba ya chai yalianza ghafla, kana kwamba mtu alikuwa amevivalisha vilima sare. Asubuhi tulisikia gongo la kuwaita wachumaji, kisha harufu ya majani yaliyoanikwa kiwandani ikavuka maji na kuja kuchanganyika na harufu ya ng'ombe wetu. Nilichota maji, nilifagia mavi ya mbuzi, nilichambua mboga chungu ambazo kogo alizituliza kwa maziwa. Baada ya chakula cha mchana mvua ilikuja bila kukosa, mara nyingine na mawe, yakagonga mabati ya nyumba za wafanyakazi kama maharagwe yanayomwagwa kwenye sufuria.

Memsabu, yule bibi wa sinema, aliingia maisha yetu akiwa amevaa suruali, nyuma yake mashine yenye miguu mitatu. Kogo alimtazama kwa muda, akasema, "Huyu ameumbwa na miguu mitano." Wanaume wa kilabu cha wazungu nao walimcheka kwa sababu zao. Yeye hakujali. Aliilaani mvua tu.

Mashine ilibebwa na kijana aliyetoka upande wa ziwa, mwenye kiko cha udongo na maneno mengi. Memsabu alikuwa amemfundisha kusafisha kioo cha mashine, na hata kuzungusha mpini wake kwa mwendo ulio sawa. Ili asiharakishe, alikuwa akiimba chini kwa chini wimbo wa kupiga makasia. Alikuwa ameahidiwa kwamba wakitoka Kericho ataendelea na safari, si kama mchukuzi tena bali kama fundi.

"Nyathina," aliniambia, yaani mwanangu, "mimi nitakuwa mtu wa sinema. Mtalipa tikiti mje kuniona."

"Kuona hilo pua?" kogo akauliza, na akacheka mpaka akakohoa.

Siku waliyompiga kogo picha, alikuwa akitia vibuyu moshi. Kama hukukulia kwetu, nikueleze. Maziwa ya mursik hayawekwi kwenye kibuyu kitupu. Unachukua kijinga cha mti wa senetwet kinachowaka, unakisokota ndani ya kibuyu mpaka kuta zake zipakwe masizi meusi, ndipo unamimina. Maziwa hayo hukaa majuma na hayaozi. Yanazidi tu kuwa matamu. Kogo alikuwa na msemo wake: "Kisichopata moshi hakifiki kwa mgeni." Aliifanya kazi hiyo mbele ya mashine bila kuitazama hata mara moja, na kijana wa ziwani akazungusha mpini, akiimba.

Hema la memsabu lilikuwa na joto mchana, kwa hiyo akataka mikebe ya filamu iwekwe ndani kwa kogo, kwenye rafu ya vibuyu.

"Memsabu, hapa si pazuri," kijana alisema. "Hii nyumba iko na moto."

"Wewe hapana sema. Hapa iko baridi, mzuri sana."

Nami nikamwuliza memsabu kama kogo kweli yumo ndani ya ule mkebe. Akanijibu kwa kile Kiswahili chake cha kuvunja mawe: ndiyo, yumo, atakwenda Nairobi kwa treni, kisha Ulaya kwa meli, safari ndefu, joto nyingi. "Yeye naharibika upesi, kama maziwa."

Hivyo ndivyo alivyosema. Sasa niambie, mtoto aliyelelewa na kogo angefanya nini?

Nilingoja kogo aende kukamua. Nikauvua mkebe utepe wake, nikaona mkanda umejikunja kama nyoka aliyelala. Nikachagua kijinga kizuri, nikakung'uta jivu, nikakiingiza taratibu na kuanza kusokota, kama nilivyoona. Nilikuwa namwandaa kogo kwa safari. Sikuona moto ukishika. Niliona tu nyumba imejaa mwanga wa manjano, na moshi wenye harufu ambayo haikuwa ya mti wowote ninaoujua. Nikakimbia.

Aliyeingia ndani ni yule kijana. Alitoa mikebe mingine yote, mmoja baada ya mwingine, na akatoka kiganja cha kulia kimebabuka. Majirani walizima paa kwa maji ya kijito. Memsabu alipofika alikiona kiganja kile, akakiona na kiko kilichochomoza mfukoni, na hesabu yake ikaisha. Akanigeukia mimi, niliyekuwa nimejificha nyuma ya kogo.

"Wewe naona yeye na kiko ndani ya nyumba?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kitu kidogo sana, kuitikia kwa kichwa. Hata sauti haina.

Jioni kogo alinivuta karibu, akanigusa nywele za mbele na nyusi zilizokuwa zimesinyaa kwa moto, akachukua wembe na kuninyoa vyote. "Umenyolewa kwa sababu ya chawa," alisema. "Umesikia? Chawa." Hakuwahi kulitaja tena hadi alipofariki, na hakuna picha yake nyingine popote duniani.

Kijana alifukuzwa asubuhi iliyofuata. Akateremka kuelekea Fort Ternan akiwa amefunga mkono kwa kitambaa, na mashine ikabebwa na mwingine ambaye hakujua kuimba. Lakini nchi hii haimpotezi mtu. Miaka ikapita, akarudi, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli na redio huko Soin, na watu wakambandika jina la Mzee Kiko. Watoto walipita wakipiga kelele, "Mzee Kiko, usichome duka!" Naye aliacha kuvuta, lakini jina halikuacha. Mimi mwenyewe nilimpelekea redio yangu mara nyingi. "Habari, Mzee Kiko," nilimwambia, na nikamlipa, na nikaondoka.

Baada ya ile safari ya Nairobi nilimwendea bila redio. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi. Aliendelea kukaza spoki.

"Huu mkono unajua hiyo kitu siku nyingi," alisema. "Kiko changu kilikuwa baridi kama chura."

"Mbona hukunitafuta?"

"Nikufanyie nini? Nikuchape? Na wewe karibu utakuwa nyanya." Akaweka spana chini. "Kukusamehe mimi si kazi. Lakini hukuniharibia jina kwangu, uliniharibia kwa memsabu. Basi mwambie memsabu. Na mimi niwe nasikia."

Leo nikivuka kile kijito sioni boma. Chai imeteremka mpaka kwenye maji, na senetwet zimekatwa. Watoto wa siku hizi wanakunywa maziwa ya pakiti. Ningeweza kuandika makala nzuri ya huzuni juu ya mambo hayo, na nimewahi kuandika kadhaa. Ilikuwa rahisi kuliko kwenda posta.

Tulikwenda posta ya Kericho na namba niliyopewa na watu wa ule ukumbi wa Nairobi, yeye amevaa koti la kanisani. Karani alihangaika na simu ya ng'ambo, akatukata, akaanza tena. Hatimaye ikaja sauti ya kikongwe, mbali kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Nilizungumza Kiingereza changu cha chuo kikuu. Nikamweleza juu ya kijinga, kibuyu, na jinsi nilivyoitikia kwa kichwa.

"Alinionya," memsabu akasema. "Nilijua filamu ile huwaka kuliko mafuta ya taa, na nikaiweka kwenye nyumba yenye jiko. Kama si kiko chake, lingekuwa kosa langu, na wanaume wale wangecheka mpaka leo. Kwa hiyo nilikihitaji kiko." Nikamsikia akipumua. "Nitaandika yale maneno ya mwanzo wa sinema upya. Niseme ni nani aliyeiokoa. Jina lake ni nani? Nimelisahau."

Nikafungua kinywa kumjibu. Sikuwa na jina la kumpa. Umri wote huo, na sikuwahi kumwuliza.

Nikampa mzee simu. Akaishika kwa mkono wa kulia, wenye kovu, akavua kofia kwanza. "Memsabu," akasema, "uko na kalamu?" Kisha akayataja majina yake yote, la ubatizo, lake la kuzaliwa na la baba yake, polepole, akingoja baada ya kila moja.