Zahanati Isiyo na Paa

Kijijini kwetu, ukishafika Ilongero unapanda tena bodaboda, kuna jengo ambalo watu wote wanaliita zahanati ingawa hakuna mgonjwa aliyewahi kutibiwa ndani yake. Kuta zimefika kwenye lenta, juu ya madirisha, zikaishia hapo. Milango haina mbao, madirisha ni matundu, na katika chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia, mama yangu alikuwa akianika alizeti. Alikuwa anaziba mlango kwa miiba ili mbuzi wasiingie. "Nakwenda zahanati," alikuwa akisema akiwa na ungo kichwani, nami niliyekuja likizo kutoka mjini ninakofundisha nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki.

Mama alikuwa na presha. Yeye mwenyewe hakuupa heshima ugonjwa huo. Ugonjwa gani usiouma, alikuwa anauliza. Dawa zake zilikuwa Ilongero, na msimu wa kulima ukianza safari za Ilongero zilikufa kabisa. Alichokitamani ni kile kitambaa cha kupimia, kinachofungwa mkononi kikajaa upepo. Alisema kikimbana ndipo anaamini kwamba anaumwa. Alitaka kiwe karibu, apite akitoka bombani, abanwe mkono, aambiwe neno, arudi kupika. Hakutaka zaidi ya hapo.

Na jengo lilianza vizuri, hilo siwezi kulikataa. Mkutano wa kijiji ulikubali bila kelele, msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ukaitishwa, wanaume wakabeba mawe na wanawake maji. Mama alipika pombe ya mtama ya kuwapoza wafanyakazi. Siku ile nilimwona baba yangu, balozi wa shina wa chama kinachotawala, akibeba jiwe moja na mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye ni mwenyekiti wa tawi la upinzani. Jiwe lilikuwa kubwa, wakawa wanatembea upandeupande na kutukanana kwa Kinyaturu, matusi yale ya shemeji kwa shemeji yasiyo na ubaya. Mama aliwatazama akasema, "Hawa wakiwa na mzigo mkononi wana akili."

Uchaguzi ulipokaribia, diwani akaja na lori la mabati. Tulishangilia. Kisha vijana wake wakapanda ukutani wakachomeka bendera kila pembe, naye akasema kwamba haya ndiyo matunda ya chama chake, na wale wanaopinga kila kitu waone aibu. Mjomba alisimama mbele ya watu.

"Mheshimiwa, mawe haya tumeyabeba wote. Ng'oa bendera, tuezeke."

"Bendera haing'oki," akajibu baba, ambaye hakuwa ameulizwa.

Asubuhi yake ndipo lilipotokea jambo ambalo sijalisikia popote duniani. Nje ya jengo kulikuwa na lundo la mawe ambayo hayajajengewa. Watu wa upande wa mjomba walikuja na mikokoteni ya ng'ombe, kila mmoja akachukua mawe yake. Walikuwa wanayajua! Huyu anaonyesha jiwe alilolitoa shambani kwake, yule anasema lile jekundu ni la mke wangu, na hakuna aliyechukua la mwenzake. Nilijiuliza uaminifu wa namna hii ulikuwa wa kazi gani. Mjomba ya kwake aliyajengea zizi la mbuzi. Diwani naye aliposikia, akarudisha lori, akapakia mabati, akasema yatakaa kwake mpaka tutulie. Yamekaa.

Likizo iliyofuata nilikaa bombani na wanawake, kila mmoja akisubiri ndoo yake ijae, nikawauliza kwa utani tu. Mnataka muuguzi wa kukaa hapa? Tunataka. Mnataka kitanda cha kujifungulia? Mmoja alicheka, akasema yeye wake wa mwisho alimzalia njiani, nimuulize swali gumu zaidi. Mnataka kipimo cha presha? Mama akajibu kabla ya wote.

"Na zahanati ya diwani, mnaitaka?" nikauliza.

"Hiyo hapana," wakasema karibu nusu yao, haraka kama mtu anayefukuza kuku.

Nikawaambia ni kitu kilekile. Wakanitazama kwa huruma, mtoto aliyesoma akapotea. Upande wa baba haukuwa na nafuu. Ukiwaambia tuezeke bila bendera, wanakuuliza nani amekutuma. Niliondoka pale na ndoo yangu nikiwa na hasira ambayo sikujua niimwagie nani.

Mama alianguka wakati wa mavuno, akipepeta. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa. Mjomba alimpakata kwenye bodaboda, katikati yake na dereva, amemfunga kiunoni mwake kwa kanga ili asidondoke, na baba akafuata kwenye bodaboda nyingine akiwa ameshika viatu vya mama mkononi njia nzima. Kutoka Ilongero wakapata gari hadi mjini. Daktari aliuliza mara ya mwisho alipimwa lini. Baba akasema ni kabla ya msimu wa kulima. Aliokoka, lakini mkono wa kulia ukafa, na maneno yake yakawa kama yanapita kwenye pamba.

Nilidhani sasa watanyamaza. Nilidhani kitanda kile cha hospitali kitawafundisha. Siku ya pili tu, nikiwa namlisha mama uji, nilisikia wameanza, kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa.

"Zahanati ingekuwepo, dada angekuwa anapimwa."

"Sasa shemeji, mawe nani aliyeyaondoa?"

"Na bendera nani aliyeileta?"

Walikuwa wameacha Kinyaturu chao, wanazungumza Kiswahili cha majukwaani, na kila mmoja alimtazama mama kama ushahidi wake. Wote wawili walikuwa wanampenda, wote wawili walikuwa wamekonda kwa kumhofia. Mama alifumba macho. Nilimfuta uji kwenye kidevu, nikatamani kulia mbele yao, nikajizuia.

Mwaka huu mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano, waulizwe wananchi kama msaragambo urudi na mabati yaombwe. Mama alitaka kwenda. Tulimbeba na kiti chake cha plastiki hadi kivulini kando ya ukuta wa zahanati, baba akasimama nyuma yake. Mjomba alikuwa ng'ambo na watu wake. Mimi si mkazi tena, sina mkono pale, nikakaa pembeni na wageni.

"Wanaokubali tuendelee na ujenzi, nyosheni mikono."

Mama akanyosha mkono wa kushoto. Aliunyosha juu kabisa, kwa haraka, kama mwanafunzi anayejua jibu. Baba aliinama. Kwetu mkono wa kushoto hauelekezwi kwa wakubwa, na mzee yule hakufikiri hata kidogo, aliona tu mke wake akivunjiwa heshima na ugonjwa mbele za watu. Akaushusha taratibu, akaufunika kwa kanga. "Mama watoto, siyo huo," nilimsikia akimwambia.

Mama hakubisha. Aliutoa mkono ule wa kushoto chini ya kanga, akaushika ule uliokufa kwenye kifundo, akaanza kuunyanyua. Ulipanda polepole, unateleza, anaushika tena. Nilisimama. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuhesabu, na hakuwa akimtazama.

"Wasiokubali?"

Hapo ndipo mkono wa kulia wa mama ulipofika juu. Mwenyekiti akamwelekezea kalamu, akamhesabu. Ng'ambo mjomba alipiga makofi, machozi yanamtoka, akasema dada yangu ameona, na watu wake wakapiga vigelegele. Nilipiga kelele kwamba siyo hivyo. Mtu akaniambia wageni wakae chini.

Walioshinda ni wasiokubali, hata bila yeye wangeshinda. Baba alimbeba mama hadi nyumbani, na njia nzima hakunitazama. Nilipokuwa namlaza alinivuta nguo kwa mkono wake wa kushoto, akajitahidi mpaka maneno yakatoka.

"Wamenihesabu?"

"Wamekuhesabu, mama."

Akatabasamu kwa upande mmoja wa uso, akauliza wanaezeka lini.