Kesi ya Sukari

Ploti yetu ya Raila, kijiji kimoja cha Kibera, ilikuwa na milango kumi, mitano huku na mitano kule, na katikati kamba moja ya kuanikia nguo. Watu wa milango yote niliwajua kwa miguu. Sikuweza kumtazama mtu mzima usoni, kwa hivyo nikitumwa chumvi au kiberiti niliinama na kuangalia kilichokuwa pale chini: slipas zilizoshonwa kwa waya, raba zisizo na kamba, kisigino kilichopasuka. Dada yangu, aliyenipita miaka miwili, aliweza kumtazama yeyote na kumuuliza chochote. Mtu akipoteza kitu, yeye aliuliza na mimi niliangalia chini. Ndivyo tulivyokuwa makachero wa ploti.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya mfuniko wa sufuria wa mama wa mlango wa pili. Tuliupata kwa fundi wa viatu wa mlango wa tisa, ameutundika ukutani na kuufanya kioo cha kunyolea ndevu. Ya pili ilikuwa ya omena, wale dagaa wa ziwani, wa jirani yetu Dani. Kila siku omena walipungua pale alipowaanika juu ya gunia, na kila mtu alimlaumu paka. Lakini mimi niliona kichwa cha omena kimekwama chini ya kiatu cheusi cha mzee wa kanisa, nikamnong'oneza dada.

"Mzee, umetoka wapi?" dada akamuuliza mbele ya watu.

"Nimetoka maombi."

"Maombi ya omena?"

Ploti nzima ilicheka. Mzee aliinua kiatu, akatazama, akasema huyo ni shetani anamjaribu.

"Shetani ako na njaa siku hizi," Dani akasema. Akachota omena, akamfungia kwa gazeti. "Mpelekee. Mwambie akitaka tena aombe, asikuje na kiatu."

Dani ni nyanya, kwa lugha yao watu wa ziwani. Hakuwa nyanya yetu wa damu. Sisi ni watu wa magharibi, na yeye alikuwa mjane wa mlango wa sita, mlango uliotazamana na wetu, muuza samaki wa kukaanga kando ya reli. Baba hatukuwa naye. Mama alipokwenda kufua nguo za watu huko Riruta, Dani ndiye aliyeshika ufunguo wetu wa akiba, akatupa chakula cha mchana na kutusuka nywele kwa vidole vilivyonuka mafuta ya samaki. Slipas yake ya kushoto ilikuwa ya bluu na ya kulia nyekundu, yenye shimo kwenye kisigino. Ukimuuliza, alisema, "Hawa ni wajane wawili. Nimewaweka pamoja wasaidiane."

Nasema haya yote ili ieleweke tulimfanyia nani tulichofanya.

Mwaka ule mama alianza kukohoa. Alisema ni sabuni ya Riruta na maji baridi. Halafu sukari ikaanza kuisha. Ilikaa kwenye mkebe juu ya rafu, na iliyokuwa ikitutosha wiki nzima sasa ilikwisha Alhamisi. Mimi sikuila, dada aliapa hakuila. Mama mwenyewe hakulalamika hata siku moja. Kachero mzuri angejiuliza kwa nini.

Dada alipanga mtego. Tulichukua jivu la jiko tukalichunga kwa kichungi cha chai mpaka likawa laini kama poda. Asubuhi mama alitangulia kutoka, dada akafuata. Mimi nikabaki nyuma kidogo kama mtu anayefunga kamba za viatu, nikanyunyiza jivu kutoka kwenye rafu mpaka mlangoni, nikaruka nje. Mama akafunga kufuli. Tulitembea naye mpaka njia panda, yeye akashika njia yake na sisi ya shule.

Jioni tulirudi kabla yake, kwa ufunguo wetu. Dada alisukuma mlango taratibu, nikachuchumaa.

"Ni za nani?"

"Za Dani."

"Una hakika?"

"Ya kulia iko na shimo."

"Na hizi zingine?"

"Raba za mama."

"Za mama si kitu, ni kwake," dada akasema, na tayari alikuwa ameshika ufagio.

Lakini mama alikuwa ametoka kabla sijanyunyiza lile jivu. Raba zake hazikupaswa kuwa pale. Tena hazikuwa zimepita tu. Zilisimama karibu na rafu, zikielekea mlangoni, na slipas za Dani zilisimama mbele yake, zikielekea ndani. Nyayo zile zilikuwa zimeelekeana, kama za watu wawili wanaozungumza. Nililiona hilo. Nilifungua mdomo nikaufunga, na dada akafagia.

Jumapili baada ya kanisa kila mtu alikuwa nje. Wengine walifua, wengine walichagua maharagwe. Dada alipanda juu ya jiwe la kufulia. Fundi wa viatu alimwona, akainua mikono.

"Makachero, mimi mfuniko nilirudisha!"

Watu wakacheka.

"Leo si mfuniko," dada akasema. "Leo ni sukari yetu. Mtu ameingia kwetu tukiwa shule. Tumeona miguu yake. Slipas moja ni bluu na moja ni nyekundu."

Kicheko kilikatika. Watu walitazama miguu ya Dani, nami nikaitazama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akiparuza samaki, na magamba yalikuwa yamemshika mikononi. Hakumtazama dada. Alimtazama mama. Niliinua macho kidogo nikaona mama ameinama, anakunja leso yake, anaikunjua, anaikunja tena.

"Kumbe ndio maana uji ya huyu mama huwa tamu," mtu akasema nyuma ya nguo.

"Na mtoto wangu hushinda kwake!"

Dani aliweka kisu chini.

"Sukari ni tamu, watoto wangu," akasema. "Na mimi ni mzee. Nimekosa."

Ulimi wangu ulikuwa na maneno matatu tu: na raba za mama? Yalitosha. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu wanaonijua tangu nilipozaliwa, na sikuweza kuyasema.

Kuanzia siku hiyo akina mama waliondoa nguo zao upande wa kamba uliokaribia mlango wa sita. Mtoto akienda huko aliitwa arudi. Jumatano kijana wa Dani alikuja na mkokoteni kutoka Kawangware, kituo cha 46, akapakia kitanda, sufuria na karai la samaki. Dani alipita mlangoni kwetu, akaingia kwa mama kidogo, akatoka. "Kwaherini, makachero wangu," akatuambia, bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililoniuma.

Mama alipata nafuu kwa muda, halafu kikohozi kikarudi na nguvu mpya. Mwaka uliofuata, kabla ya mvua kubwa, alifariki. Tulimpeleka nyumbani magharibi tukamzika kando ya nyanya yake. Simu yake ilipotea katika pilkapilka za mazishi, na namba ya Dani ilikuwa humo.

Tulipokuwa tukihamisha vitu kwenda kwa shangazi, upande mwingine wa Kibera, dada aliinua godoro la mama akakuta mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndani mlikuwa na vidonge vilivyobaki na kadi ya kliniki. Ilikuwa kadi ya dawa za kifua kikuu. Juu paliandikwa jina la mama. Chini yake, mahali pa mtu atakayemshuhudia mgonjwa akimeza dawa kila siku, paliandikwa jina la ubatizo tusilolijua, na mbele yake: jirani, muuza samaki.

Kadi ilikuwa na vijisanduku, kimoja kwa kila siku. Niliichunguza kama nilivyozoea kuchunguza sakafu. Kila kijisanduku cha mwanzo kilikuwa na alama ya kalamu na doa la mafuta, mahali kidole kilipoishika karatasi. Niliinusa. Madoa yalikwenda safu kwa safu mpaka wiki ile ya sukari, yakakoma. Baada ya hapo palikuwa na alama za kalamu peke yake, safi, za mkono wa mama, kwa siku kumi na tatu. Kisha hapakuwa na kitu.

Tulikaa juu ya godoro lililokunjwa. Kila kitu kilijipanga chenyewe. Mama aliogopa ploti ikijua itamkimbia, na wale wa Riruta wasimpe tena nguo zao. Sisi alituogopa zaidi, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna kitu kingefichika siku mbili. Kwa hivyo dawa zikakaa kwa Dani mpaka siku alipohama. Asubuhi mama alitusindikiza mpaka njia panda, akarudi, na Dani akavuka na uji. Mama alimeza vidonge mbele yake na kushushia uji uliotiwa sukari nyingi, maana vilimchoma tumbo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi.

"Tumemuua," dada akasema.

Nilimwambia nyayo zilikuwa zimeelekeana. Nilimwambia siku hiyo, baada ya mwaka mzima. Hakunigombeza. Alisema lazima tumtafute Dani, kwa sababu huko aliko anaitwa mwizi na sisi ndio tuliomwita.

Hatukujua nyumba. Tulijua Kawangware 46, samaki, na kijana mwenye mkokoteni. Tulikwenda kwa miguu Jumamosi tatu. Dada aliuliza kila muuza samaki, mimi nikatembea kando ya meza nikiangalia slipas. Jumamosi ya tatu nilipita mbele ya karai moja mara mbili, na mara ya pili sauti ikasema:

"Kachero. Unatafuta slipas ama unatafuta mtu?"

Alikuwa amevaa viatu vya plastiki vya kijani, vipya, vyote viwili rangi moja. Ningepita hapo mara mia bila kumtambua. Ilibidi niinue uso nimtazame, na ndipo nilipojua kwamba ana jicho moja dogo kuliko jingine, mtu aliyenisuka nywele miaka sita.

Alicheka, akatukumbatia bila kutugusa kwa viganja vyenye mafuta. "Mmekuwa warefu! Huyu bado anaongea sana?" Akatuchagulia vipande vya samaki. Halafu akainama kidogo ili jirani wa meza asisikie.

"Mama yenu alimaliza zile dawa?"

Dada alifungua mdomo. Nilisubiri kama nilivyosubiri maisha yangu yote, aseme yeye. Akaufunga, akaangalia chini.

"Mama alikufa, Dani," nikasema. "Kabla ya mvua."

Hakupiga kelele. Alichukua kijiti akageuza samaki aliyekuwa kwenye mafuta, akamgeuza tena, akamtoa. "Hapa si mahali," akasema. Alimwomba jirani amwangalizie karai, akajifunga leso kiunoni kama wanawake wanavyojifunga wakienda matangani.

"Nipelekeni kwenu."

"Nyumba iko na mtu mwingine, Dani," dada akasema.

"Kwetu mtu hamlilii mtu wake sokoni. Nitalia mlangoni kwake, hata kama nimechelewa."

Tulikatiza Riruta kwa miguu. Njiani dada alianza kuomba msamaha, akakwama, akaanza tena. Nami nikamweleza Dani kuhusu nyayo, nilichoona na nilichonyamazia.

"Hilo jivu nililiona," akasema. "Nilijua ni nyinyi. Ningeweza kufagia."

"Mbona hukufagia?"

"Nilikuwa nimechoka kumfichia. Nikasema, hawa wakiona miguu ya watu wawili watamuuliza mama yao. Sikujua mtaniuliza mimi, tena Jumapili."

Tulipofika Raila alitutangulia kuingia. Alisimama mbele ya mlango wetu wa zamani, akashika kichwa kwa mikono miwili, akamlilia mama kwa sauti ambayo sikujua anayo, akimwita binti yangu, akimuuliza amelala wapi na nani alimpikia uji. Mlango ulifunguliwa. Msichana mwenye mtoto mgongoni alichungulia, ameogopa. Milango mingine ikafunguka, na mingi ilitoa nyuso ngeni, kwa sababu wapangaji wa ploti hubadilika kama nguo kwenye kamba. Kati ya kumi, mitatu tu ilikuwa na watu wa Jumapili ile.

Dani alipotulia, dada alipanda juu ya jiwe la kufulia.

"Huyu mama hakuiba sukari," akasema. "Nilisema hapa kwamba aliiba. Hakuiba. Alikuwa akimpa mama yetu dawa."

Fundi wa viatu alitoka mlango wa tisa, akavua kofia. "Mimi nakumbuka," akasema. Mama wa mlango wa pili aliingia ndani akafunga.

"Sukari gani?" akauliza yule msichana mwenye mtoto.

Hakuwa na ubaya. Hakujua tu. Aliingia ndani akaleta kigoda, na Dani akakaa pale mlangoni, viatu vyake vya kijani vimejaa vumbi la Kawangware. Dada alishuka kutoka kwenye jiwe, akachuchumaa karibu na yule msichana, akaanza kumweleza upya, polepole, tangu mkebe wa juu ya rafu. Alipofika kwenye jivu alinyamaza, akanigeukia, akaningoja.

Nilimtazama yule msichana usoni.

"Nyayo zilikuwa za watu wawili," nikasema. "Zilikuwa zimeelekeana."