Sevo za Volti Sita

Shemeji yangu alisema gundi ya mume wangu ni uji wa mgonjwa. Alisema uwanjani, mbele ya watu, ndege yenyewe imelala golini imevunjika shingo. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mume wangu naye akatabasamu, mjinga wangu yule, akainama kuokota vipande.

Alikuwa fundi redio, lakini roho yake ilikuwa kwenye vindege vya rimoti. Kuviunda tu. Kurusha alimwachia mdogo wake, huyo huyo shemeji, tuliyemwita Rubani. Mimi shule niliiacha kabla haijanizoea, ila tulikaa meza moja, yeye anaunga waya, mimi nachambua mchele; nitaachaje kujua? Ndani ya ndege kuna vijimota vidogo kama kiberiti, vinaitwa sevo, ndivyo vinavyovuta mkia na mabawa. Zake zilikuwa za volti sita. "Mama watoto," alikuwa akiniambia, "ukiipa nane itakimbia kama imeona nyoka, halafu itaungua." Sevo kwanza, betri baadaye, kama unavyopima mguu ndiyo ununue kiatu.

Siku ile Rubani alibadilisha betri kimyakimya, akaweka ya volti nane, ndege igeuke kwa madaha, wasichana waone. Mume wangu alipoifungua sevo nyumbani, ndani nyeusi tii, inanuka kuungua. Mbao zimevunjika, gundi imeshika vilevile. Nikajifunga nguo kiunoni niende nikamseme mtu. Akanishika mkono.

"Ni mdogo wangu. Usitugombanishe."

Nikarudi kwenye mchele wangu. Ningefanya nini? Mtaani wakamwita Fundi Uji, hata wenye redio zao wakaanza kuzipeleka kwingine. Hakuunda ndege tena. Moja aliyokuwa ameshaimaliza ikabaki inaning'inia darini, inakula vumbi. Kisha kiharusi kikamchukua mkono mmoja na mdomo. Sauti inatoka, maneno hayatoki. Ninayemwelewa ni mimi peke yangu.

Juzi Rubani kaja, kitambi mbele. Hodi hakupiga.

"Kaka, hii naichukua, inaozea hapa bure." Akapanda kwenye kiti changu, akaishusha. Akatoa betri mfukoni.

"Shemeji, hiyo ni nane," nikamwambia. "Sevo hizo ni za sita."

"Shemeji na wewe! Chungu chako kinaungua huko."

Mume wangu akawa anahema, mkono mzima unapiga kiti pa! pa! pa! Nimshike nani, huyu mwenye nguvu zake au huyu asianguke? Nikamshika wangu.

Rubani akachomeka waya. Mkia ukaruka huku na huku, chap chap, akacheka: "Umeona mambo?" Hajafunga mdomo, sevo ikagota, ikaanza kunguruma kama nzi ndani ya chupa. Moshi ukapanda. Harufu ile ile.

Akachomoa, akaketi chini sakafuni, jitu zima lile.

"Kumbe siku ile..."

"Ndiyo siku ile," nikasema.

"Kaka, nisamehe."

Mume wangu akatoa sauti, machozi yanashuka upande mmoja. Rubani akanigeukia. "Anasemaje?"

Nilimsikia vizuri. Alisema basi, yaishe. Miaka yote hiyo, basi, yaishe!

"Anasema uende uwanjani sasa hivi," nikamjibu. "Leo kuna mechi, watu wamejaa. Ukawaambie nani aliiangusha ile ndege."

Mume wangu akanikazia macho. Nikamfuta mate, nikageukia dirishani.

Rubani akaenda, hilo nampa. Mimi nikabaki nafuta masizi kwenye mkia wa ndege, ya mwisho hiyo, nayo sevo imekufa. Jua lilipopoa akarudi, akasimama mlangoni.

"Nimewaambia, shemeji. Wote, mpaka mwamuzi."

"Wakasemaje?"

Akatazama viatu vyake.

"Wameniuliza, ndege gani?"