Mguu wa Baba Neema umekataliwa

Jumanne jioni. Dada Felista na ndugu zangu wa Makere,

Leo nimerudi nyumbani na mguu wa bandia wa marehemu mume wangu.

Niliupeleka kwa fundi wa viungo bandia hapa Kasulu, amrekebishie jirani yetu Mzee Bosco, aliyekatwa mguu. Mzee alikuja na kiatu cha pili kwenye mfuko. Alikuwa amekipaka rangi.

Fundi akafungua bolti, akauinua mguu kwenye mwanga.

"Mama Neema, hili tundu la pili alilitoboa nani?"

Fundi baiskeli, nikasema. Bolti ililegea msimu wa ndizi, na Baba Neema hakutaka kusubiri.

"Hizi ni tabaka za nyuzi za kaboni zilizogandishwa pamoja. Ukitoboa karibu na ukingo, bolti inazichana. Chuma kingepinda kwanza. Hii inakatika ghafla. Siwezi kumvalisha mtu."

Hapo nikakumbuka ule mlio, tik, kila Baba Neema alipopanda kilima na baiskeli ya ndizi. Aliniambia ni kiatu kipya.

Kumbe alijua unapasuka.

Mzee Bosco akakirudisha kiatu mfukoni taratibu. "Usilie, mama. Tutatafuta mguu mwingine."

Nyie mngeufanyia nini mguu huu? Mimi nimeuegemeza mlangoni, palepale alipokuwa akiuweka.

Mkipanda kesho kilima kile alichopanda na ndizi, mkumbukeni. Na mimi pia mnikumbuke.