Ng'ombe Alinivunja Mguu, Wakasema Niuze Pikipiki

Mguu wangu wa kushoto ulivunjwa na ng'ombe. Naliandika hili mwanzoni kabisa kwa sababu watu wengi wanaonifahamu pale Geita wanaamini ulivunjwa na pikipiki, na nimechoka kuwasahihisha. Alikuwa maksai wa baba yangu, mwekundu mwenye baka jeupe pajani, kwenye shamba letu la pamba nje kidogo ya Mhunze, mvua za kwanza zilipoanza. Nilikuwa likizo. Baba alikuwa nyuma ameshika plau, mimi mbele nimeshika kamba. Tulipofika mwisho wa shamba na kugeuza, maksai yule alishtushwa na kitu ambacho mpaka leo sikijui, akanivuta, nikaanguka kwenye tope, akanikanyaga kifundo cha mguu. Kisha akasimama palepale juu ya mguu wangu, ametulia kabisa, mpaka baba alipokuja kumsukuma.

Pikipiki yenyewe siku hiyo ilikuwa Kalangalala, mtaani kwangu mjini Geita, imefunikwa turubai barazani. Nilikuja nyumbani kwa basi, kwa kuwa udongo mweusi wa kwetu ukilowa hautaki kabisa tairi za lami. Ila ufunguo nilikuwa nao mfukoni, maana huwa siuachi popote.

Pale hospitalini Shinyanga, mguu ukiwa umefungwa vyuma, ndugu walikizunguka kitanda wakasema kwa zamu kwamba ile pikipiki niiuze. Niliuliza pikipiki imeingiaje hapa. Wakasema nimeshapata onyo. Onyo kutoka kwa nani, niliuliza, kwa ng'ombe? Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa anakunja suruali yangu yenye tope, akautoa ufunguo mfukoni, na baba akanyoosha mkono akauchukua. Alikwenda nao nyumbani akautundika kwenye msumari anaotundikia kamba za ng'ombe.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali langu, na nililitumia vibaya. Mbona hakuna anayesema ng'ombe auzwe? Nilimuuliza mama, nikawauliza shangazi zangu, nikamuuliza baba kila nilipompigia simu, kwa miezi. Baba alikuwa ananieleza habari za mvua.

Kazini naendesha lori la mgodi, lile ambalo tairi lake moja linanizidi kimo na ambalo unalipanda kwa ngazi. Hakuna ndugu hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba lori lile ni hatari kwa mwanamke. Lori linaleta mshahara. Pikipiki inaniletea raha mimi peke yangu, na nadhani hapo ndipo palipowauma.

Ni pikipiki ya safari ndefu, injini kubwa ya silinda nne, ina kioo cha kukinga upepo na masanduku mawili ya pembeni. Ilitengenezwa kwa ajili ya lami nzuri na kona za kasi, si kwa vumbi la machimbo, kwa hiyo nimeibadilisha kidogo kidogo mpaka ikakubali. Kiti kilishonwa upya na fundi makochi. Springi za shokapu niliweka ngumu zaidi kwa sababu ya matuta ya barabarani. Chujio la hewa nalisafisha kila wiki, maana vumbi letu jekundu linapenya hata pale ambapo kitabu cha pikipiki kinasema haliwezi kupenya. Mafuta ya injini namwaga mwenyewe. Cheni naipaka mwenyewe, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na majirani wanapita wakinipa pole. Sijawahi kuelewa ile pole ni ya nini.

Mguu ulipona, ila daktari aliniambia kifundo hakitakunjika tena. Kutembea natembea. Lori naliendesha, kwa kuwa lori linatumia mguu wa kulia. Lakini gia ya pikipiki kama yangu iko kushoto, na ili uipandishe lazima uingize ncha ya kiatu chini ya kanyagio na kuinua vidole. Mguu wangu hauinui kitu. Siku ya kwanza kujaribu, nikiwa nimeikalia palepale barazani, injini imezimwa, nililia. Sioni haya kulisema. Nililia kwa hasira, nikafuta uso kwa kitambaa cha kufutia cheni, nikaingia ndani na grisi mashavuni.

Wiki ile ile nilipanda bodaboda kwenda kupata basi la kazini, nikatazama chini, nikaona mguu wa dereva. Alikuwa amevaa ndala. Mtu mwenye ndala hawezi kuinua gia kwa vidole, ndala itabaki barabarani. Kwa hiyo bodaboda zina kanyagio lenye pande mbili, mbele la vidole na nyuma la kisigino, na yule kijana alikuwa anapandisha gia kwa kugonga kisigino tu, kifundo chake kimetulia. Nilikuwa nimepanda pikipiki za namna hiyo miaka yote bila kuangalia. Nilimwambia asimamishe, nikainama nikalitazama lile kanyagio mpaka akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Fundi wangu ni mzee mmoja mtaratibu wa Kalangalala ambaye kutwa anatengeneza bodaboda. Nilipomweleza ninachotaka, alinitazama kama vile nimemwomba amvishe mbuzi viatu.

"Hii ni pikipiki ya heshima, dada," alisema. "Tutaiharibu."

"Basi iheshimu mguu wangu," nilimwambia.

Alikata kanyagio la bodaboda katikati, akachomelea kipande cha nyuma kwenye kanyagio langu. Mara ya kwanza kiligonga pa kuwekea mguu. Akakipasha moto, akakipinda kwa nje, kikagonga stendi. Mara ya tatu kikapita. Ufunguo nao tuliupata kwa njia yetu. Sanduku moja la pembeni lilikuwa limebaki kwa mpaka rangi tangu kabla sijaumia, na kitasa chake kinafunguliwa na ufunguo uleule wa kuwashia. Fundi vitasa akakichomoa, akakisoma, akachonga ufunguo mpya kwa tupa akiwa anapiga mluzi. Uliingia kwenye swichi, ukagoma, akaupiga tupa mara mbili tatu, ukazunguka. Injini ilipoitika, yule mzee wangu alivua kofia.

Nilijifunza upya kwenye barabara ya Bwanga. Kisigino kupandisha, vidole kushusha, na nikisimama natanguliza mguu wa kulia. Siku moja kwenye kituo cha mafuta nilikutana na wenye pikipiki kubwa waliotoka Mwanza, wamevaa majaketi yanayofanana. Mmoja alichuchumaa akacheka.

"Hiki cha bodaboda kinafanya nini huku?"

"Kinafanya kazi," nilisema, nikagonga kisigino nikaondoka.

Kiangazi kilipokaribia mwisho, nikaamua kwenda nyumbani. Sikuwa nauhitaji tena ule ufunguo wa kwenye msumari. Nilitaka baba anione nikiingia bila huo ufunguo wake. Nilizunguka njia ndefu ya lami, Bwanga, Runzewe, Kahama, na sina namna nzuri ya kueleza asubuhi ile zaidi ya kusema kwamba nilikuwa naimba ndani ya helmeti. Kwenye kona, pikipiki inalala na wewe unalala nayo, na mwili wenye mguu mbovu unasahau kuwa una mguu mbovu. Kagongwa nilisimama nikakaza nati ya kanyagio, nikamnunulia mama mchele, nikaujaza kwenye sanduku la kulia. Kutoka Tinde mpaka Shinyanga nilikuwa napanga maneno ya kumwambia baba. Kutoka Shinyanga mpaka Mhunze nikayapanga upya yakawa makali zaidi.

Niliingia uani kuku wakitawanyika. Mama alisimama na mwiko mkononi. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda akisuka kamba. Nilizima injini, nikawaamkia, wakaitikia marahaba. Macho ya baba yalishuka kwenye mguu wangu, yakaenda kwenye lile kanyagio, yakarudi kwenye kamba. Nikaenda moja kwa moja zizini, kwa sababu sehemu ya maneno yangu nilikuwa nimepanga kuyasema nikimwonyesha yule maksai kwa kidole. Mwenzake mweusi alikuwepo. Yeye hakuwepo.

"Yule mwekundu yuko wapi?"

"Nilimpeleka mnadani," alisema baba. Alisema kwa Kisukuma, ambako maneno hayo ni mafupi zaidi. "Kila ukipiga simu ulikuwa unauliza mbona ng'ombe hauzwi. Nimeuza. Sasa na wewe uza."

Maksai hulima wawili, mmoja akibaki peke yake ni wa kuangalia tu, na mvua zilikuwa zimebakiza wiki chache. Baba yangu alikuwa ameivunja jozi yake kwa sababu ya swali nililokuwa naliuliza ili nionekane mjanja. Na yule maksai nilimfundisha nira mimi mwenyewe, akiwa bado mdogo, likizo nzima nikitembea naye na gogo shingoni. Niliona aibu, na nikaona hasira, na sikujua ipi itoke kwanza.

"Baba, sikusema umuuze."

"Ulisema."

"Nilisema mbona hakuna anayetaka auzwe. Hata mimi sikutaka. Sikumchukia yule ng'ombe hata siku moja. Nilitaka na wewe usiichukie hii."

Baba aliweka kamba chini. "Yule alivunja mguu tu," alisema. "Hiyo haitaishia mguuni."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia kwamba anaogopa. Kama angeyasema hayo pale hospitalini, akiwa ameushika ufunguo, huenda ningeuza. Huenda. Sasa nilikuwa nimetoka Geita mpaka pale juu ya kisigino changu mwenyewe.

"Inawezekana," nilisema. "Lakini siiuzi."

Mama alirudi jikoni. Baba aliiokota kamba yake.

"Na mimi nitalima na nini?"

"Tuazime wa jirani. Kamba nitashika mimi."

"Kwa mguu huo?"

"Kwa mguu huu huu."

Tulilima hivyo msimu mzima. Kila nikimaliza zamu zangu mgodini nilikuwa nakwenda, na mvua zilipokolea niliiacha pikipiki Mhunze kwa mama mmoja muuza maziwa nikamalizia safari kwa bodaboda. Maksai wa jirani alikuwa mkaidi, alikuwa anavuta upande wake tu, na mara mbili nilianguka. Mara zote mbili baba aliachia plau akaja mbio, akanikuta nimeshasimama, akarudi nyuma akashika mpini. Hajawahi kuisifia pikipiki na hajawahi kuniambia tena niiuze. Ufunguo wa kwanza bado uko kwenye ule msumari, na kila nikifika namwona akizishusha kamba taratibu ili usidondoke. Hajanipa, na mimi sijauomba.