Meno Meusi ya Kinanda

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani mlimani nangoja majibu, na kungoja mimi sikuwezi. Kila kitu kilikuwa cha kungoja. Sukari ungoje, sabuni ungoje, lori la kabichi ungoje. Halafu kinanda cha parokia nacho kikaharibika.

Kilikuwa kinanda cha umeme, kimeachwa na padre mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Kijijini hakukuwa na umeme, kwa hiyo kilitumia betri ya gari. Mpigaji alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, mwalimu wa kwaya tangu mimi sijazaliwa. Askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, na mjomba alikuwa ametunga wimbo wake mwenyewe wa kumpokea. Wimbo wenyewe unaanzia kwenye so. Na so ndiyo iliyokufa. Fa inalia, la inalia, ukibonyeza jino la katikati yao, kimya.

Padre wetu hakuzunguka. "Mwalimu, kisipopona kabla ya Jumapili naazima kwaya ya mjini. Watakuja na kinanda chao na nyimbo zao. Siwezi kuaibika mbele ya Baba Askofu."

"Sawa, Padre," mjomba akasema. Akatoka, kofia yake akaisahau mezani. Mimi ndiye niliyerudi kuichukua.

Wanakwaya kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mzee mmoja wa besi akasema, "Ukungu tu huo. Kipasheni moto kidogo, kama ngoma."

"Kipashe wewe," mama mmoja akamjibu, "halafu Jumapili utuimbishe na makaa."

Nikakifungua kwa kisu cha jikoni. Nikatoa vumbi, mavi ya mende, na punje ya mahindi ambayo sijui ilifuata nini mle ndani. Nikapangusa chini ya meno yote kwa pamba. Nikajaribu, kimya vilevile. Kurudia mara ya pili ndipo nikaona kitu: so zote zimekufa, ya chini, ya katikati na ya juu.

"Mjomba, huu si uchafu. Uchafu hauwezi kuchagua so peke yake. Tatizo liko ndani, pale zinapotokea so zote."

"Unaweza kupafikia?"

"Siwezi."

"Basi funga. Tutashuka mjini."

Tukashuka. Mjomba alibeba kinanda kichwani, kimefungwa kitenge, mimi nikabeba betri maana nayo ilitaka kuchajiwa. Njia ilikuwa na utelezi, na betri ilikuwa inavuja maji yake makali, yakanitoboa khanga begani. Tulipofika barabarani lori la kabichi lilikuwa limeshaondoka. Tukakaa juu ya mawe kulingoja lingine. Mjomba alikuwa anapiga wimbo wake kwa vidole juu ya goti. Nilitamani kumwambia aache.

Fundi redio tuliyeelekezwa alikuwa nyuma ya soko, Mnyamwezi, mtani wetu. Alipomwona mjomba na mzigo wake akaweka vifaa chini.

"Heee! Leo Mluguru kabeba mzigo! Mababu zangu wapagazi sasa wapumzike."

"Mababu zako walibeba kwa kupenda," mjomba akasema. "Mimi nabeba kwa shida. Nitue."

"Shikamoo," nikasema, maana wangeendelea mpaka jioni.

"Marahaba, mwanangu. Huyu umemwokota wapi?"

Alikifungua kwa bisibisi ya kweli. Ndani mlikuwa na vibao vidogo vimesimama kama vitabu, kila kibao na sauti yake. Akagusa hapa, akagusa pale, akasikiliza, akafika kwenye kibao cha so. Akatuonyesha kidude chenye miguu mitatu, kidogo kuliko harage.

"Transista. Hii ndiyo marehemu. Na mpya sina. Mjini hapa hakuna, na Dar nako uwe na mtu wako."

Mjomba akakaa kwenye benchi la wateja. Mimi mama alikuwa ameniagiza sabuni, na foleni niliiona tangu kona, nikaenda kupanga. Nikasimama juani mpaka nikapata mche mmoja. Wakati narudi nikaisikia so toka mbali, inalia kama haijawahi kuugua. Nikakimbia.

"Imepatikana wapi?"

"Humuhumu," fundi akasema. "Nimeng'oa kwa jirani yake mweusi nikampa yeye. Mjomba wako kasema meno meusi hayana kazi."

Kwa mjomba ilikuwa kweli. Maisha yake yote alipiga kwa meno meupe tu, kila wimbo do yake palepale. Lakini mimi sista wa shuleni alinifundisha yote, na kulikuwa na wimbo wa shukrani baada ya komunyo ambao mjomba mwenyewe aliniahidi nitaupiga siku ya askofu. Huo bila jino jeusi la jirani ya so hauendi.

"Na wimbo wangu, mjomba?"

Akanitazama mdomo wazi. Alikuwa amesahau kabisa, nikaona kwamba si uongo.

"Rudisha," akamwambia fundi.

"Nirudishe nini?"

"Hicho kidude, kilipokuwa. Rudisha."

Fundi akacheka, halafu akaona hakuna anayecheka naye. "Mtani, vidude hivi vinaogopa moto. Nikikilehemu tena kinaweza kufa, mkapanda mlima hamna mweusi wala mweupe."

Nikamuuliza kwa nini asitoe kwa mweusi mwingine. Akasema vibao vingine vina transista za aina nyingine, ni hivi viwili tu vinavyofanana. Mjomba alikuwa ananitazama, anangoja mimi niseme. Mche wa sabuni ulikuwa umeanza kuyeyuka kwa jasho la mkono wangu. Nikafikiria mlima.

"Acha, mjomba. Twende zetu."

Siku ya askofu kibano cha betri kilikuwa kimelegea, hakishiki bila kushikwa. Nikakaa sakafuni nyuma ya kinanda, nimekibana kwa vidole. Mjomba akaanza. So ikatoka safi, kwaya ikaingia, na mimi kutoka pale chini nikawa naona viatu vyake tu, vimepakwa mafuta ya taa ving'ae. Wimbo ukaisha, askofu akasema neno sikulisikia, watu wakapiga vigelegele. Padre alikuwa anatabasamu kama kautunga yeye.

Baada ya komunyo viatu vikasimama.

"Njoo," mjomba akaninong'oneza.

"Jino limekufa, mjomba."

"Najua. Njoo."

Akakaa sakafuni, na koti lake lile la pekee, akachukua kibano mkononi mwangu. Nikapiga. Kila nilipofika kwenye jino lile kinanda kilinyamaza, zikabaki sauti za akina mama peke yake, kisha kikaendelea. Ubeti wa kwanza niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ubeti wa tatu kidole changu kilikuwa bado kinakwenda palepale na kubonyeza, na akina mama walikuwa wanaimba pale kwa nguvu zaidi, sijui kwa kunionea huruma au ndivyo walivyouzoea.

Watu walipotoka mjomba alikuwa bado yuko chini, anakunjua vidole.

"Mpwa wangu, kibano hiki kinauma. Umekishikaje misa nzima?"

"Nimechoka, mjomba. Inuka, shika upande wako tukirudishe kinanda."